Mpima Mvua na Kiti cha Pili

Saa tatu asubuhi, mvua iwe imenyesha au haikunyesha, Mpima Mvua alikuwa anafungua kijilango cha uzio wake. Anainama, anatoa chupa ndani ya lile kopo lililozikwa nusu ardhini, anamimina maji kwenye bilauri nyembamba yenye mistari, anainua bilauri mpaka usawa wa jicho la kushoto. La kulia alisema linaongeza. Akishasoma anatamka kwa sauti, kama anamjibu mtu aliyeuliza: "Nne nukta mbili." Halafu anamwaga maji, kila siku mahali pale pale, kwenye shina la mpea, anaandika kwenye daftari, anafunga kijilango. Dakika saba. Mimi nimeziangalia hizo dakika saba asubuhi nyingi kuliko ninavyoweza kusema, na sasa kila nikifumba macho naziona.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Walioko Magamba wanajua, na wasio wa Magamba haitawasaidia kitu. Jina nalo nitaliacha. Mkewe alimwita Baba Eli, kwa jina la binti yao aliyeolewa Tanga, lakini baada ya mkewe kutokuwepo hakutaka mtu mwingine amwite hivyo. Sababu yake niliijua mwishoni kabisa, nitaisema nikifika. Sisi tulimwita Mpima Mvua akiwa hayupo, na akiwepo tulimwita mzee.

Watu walichanganya kazi yake, ya kupima mvua kwa ajili ya ofisi ya hali ya hewa. Walidhani mtu wa kupima mvua ni mtu wa kuileta, au angalau wa kujua inakuja lini. Akishuka sokoni Lushoto kununua chumvi na betri za redio, wale kina mama wa karoti walimpigia kelele toka mbali, wakimwita mghosi, yaani bwana.

"Mghosi! Kesho tupande au tusipande?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Wewe si ndiye mwenye mvua?"

"Ninayo ya jana tu. Ya kesho haijanifikia."

Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mwaka ule kiangazi kilipogoma kuondoka, wakamtungia jina, Mzee Sufuri, kwa sababu wiki baada ya wiki ukimuuliza alikuwa na jibu hilo moja. Hakukasirika. Aliniambia, "Mama Zuhura, hawa hawajui. Sufuri nayo inapimwa. Nisipofungua kopo nitajuaje kama ni sufuri?" Na kweli, alikuwa anafungua, anatoa chupa kavu, anaipindua juu ya bilauri, anangoja tone ambalo halipo, anasoma, anatamka, anaandika. Dakika saba zile zile za siku ya mafuriko.

Sasa lazima niseme habari ya ukungu, maana bila ukungu huyu mzee hamtamwelewa.

Nyumba zetu mbili ndizo za mwisho huku juu. Ukipita shamba langu la maharage unakutana na msitu, miti ya mkulo iliyokuwepo kabla ya mtu yeyote kuiita mkulo. Kipupwe kikiingia, mwezi wa sita hivi, ukungu unashuka toka huko kama moshi wa kuni mbichi, unakaa. Mchana unashika kamba ya mbuzi na mbuzi mwenyewe humuoni. Kwa hiyo watu tunaitana. Na kuitana kwetu kuna utaratibu: unaita mara mbili. Unaita, unavuta pumzi, unaita tena. Anayeitwa haitikii ile ya kwanza. Ananyamaza, anangoja ya pili, ndipo anaitika. Bibi yangu alinifundisha hivyo, kwamba ukungu wenyewe unaweza kuita mtu, hata kwa jina, lakini hauna pumzi ya kuita mara mbili. Ukiitikia ya kwanza umeuonyesha ulipo. Sikumuuliza umeonyesha nini kwa nani. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, na hata huko shuleni mwalimu akimwita mtoto uwanjani siku ya ukungu alimwita mara mbili.

Mke wa Mpima Mvua alikuwa mtu wa Zirai. Kule kwao ni chini, kuna joto, watu wanaitana mara moja na kuitikiana mara moja, basi. Mwaka wake wa kwanza huku alikuwa anasimama mpakani kwetu na kuita "Mama Zuhura!" halafu kimya. Na mimi kimya. Baadaye namuona anatokeza kwenye ukungu, uso umevimba.

"Wewe, masikio umeyauza?"

"Umeniita mara moja, mwenzangu."

"Kwani wewe mgonjwa, dozi mara mbili?"

Alinichekesha sana yule mwanamke. Alikuwa na meno ya mbele yaliyoachana, akicheka anaweka kiganja mdomoni, halafu anakitoa kwa sababu kicheko kimemzidi. Alijifunza utaratibu wetu. Miaka mingi aliita mara mbili kama sisi, mpaka ukasahau kwamba si wa huku.

Nimeshaanza, acha niseme. Kuna jambo nilimficha Mpima Mvua miaka kumi na minne. Siku moja ya kipupwe tulikuwa tumepanga kwenda kuni, mimi na mkewe, kama kawaida yetu. Mimi nikachelewa na palizi. Nikamwambia tangulia, nitakukuta kwenye ule mkulo uliochomwa na radi. Akaenda. Ukungu ukashuka. Niko shambani, jembe mkononi, nikasikia jina langu toka msituni. "Mama Zuhura!" Mara moja. Nikanyooka mgongo. Nikangoja ya pili. Nilihesabu pumzi zangu, zikafika kumi, haikuja. Nikainama nikaendelea na maharage.

Hakurudi. Mtu akiogopa, nafikiri, anaita kama alivyokuwa anaita kwao.

Hilo ndilo nililokuwa nalo kifuani. Kila saa tatu nilipopita kwenye uzio wake na kusema "Shikamoo mzee", na yeye akaniambia "Marahaba, mwanangu, tatu nukta moja", niliendelea na njia yangu bila kulitaja.

Tulimtafuta siku tatu. Wanaume walipanga mstari na mapanga, wakapita msituni wakiita mara mbili, mara mbili. Siku ya pili wakaukuta mzigo wake wa kuni. Ulikuwa umesimamishwa wima kwenye ule mkulo wa radi, umefungwa kwa fundo lake, nalijua fundo lake. Juu ya mzigo ilikaa ngata yake, ile ya majani makavu ya mgomba anayoweka kichwani. Msitu mzima ulikuwa unadondoka maji, majani, kamba, makoti ya watu, kila kitu. Ngata ilikuwa kavu. Mimi mwenyewe niliishika. Ilikuwa kavu na ina uvuguvugu, kama imetoka kichwani sasa hivi. Mbwa wa jirani alikaa chini mbali kidogo, akakataa kusogea. Zaidi ya hapo hatukupata hata ndala.

Na siku ya tatu, tukiwa katikati ya msitu, Mpima Mvua akaangalia saa yake, akageuka, akateremka. Alikwenda kupima. Watu walisema maneno mabaya siku ile, na mimi nilikuwa miongoni mwao. "Mke kapotea, mwenzenu anakwenda kuangalia maji kwenye kopo." Alirudi baada ya nusu saa, akashika nafasi yake kwenye mstari, akaendelea kuita.

Nilitaka kueleza mambo ya viti.

Alikuwa na viti viwili vya mbao, vya mikono, alivyochonga mwenyewe enzi za ujana. Hivyo viti vilifuata majira. Kiangazi vilikaa chini ya mpea. Masika vilisogea barazani, chini ya mabati. Kipupwe viliingia ndani, karibu na mafiga. Vuli vilikaa mlangoni, kimoja huku kimoja kule, ili wakichambua mbegu mwanga uwafikie. Mkewe alipopotea nilidhani kiti kimoja kitabaki kokote kilipo. Hapana. Majira yakibadilika alivibeba vyote viwili. Kila siku asubuhi alifuta vumbi vyote viwili. Chai alimimina kikombe kimoja, hilo niseme, hakuwa mwendawazimu. Ila kiti cha mkewe hakukikalia.

Siku moja ya mwezi wa pili, jua linachoma mpaka vitunguu vinalala, nilikuja kuomba moto. Nikataka kuketi. Akanyoosha mkono.

"Hapo pana maji, Mama Zuhura."

Nikaangalia. Kweli kiti cha pili kilikuwa kimelowa. Kilichokuwa kimelowa ni pale pa kukalia tu, na mahali pa kuegemeza mgongo. Mbao nyingine kavu, ardhi chini yake kavu, inapasuka kwa jua. Nikaangalia juu, hakuna wingu. Nikamuangalia yeye, akawa anakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Ni ya nini hii, mzee?"

"Itakauka."

Na ikifika saa tatu siku za namna hiyo, kopo lilikuwa na maji. Niliona kwa macho yangu. Wiki mbili hakuna hata umande, naye anatoa chupa na ndani kuna kidogo, cha kufunika kucha. Siku hizo hakutamka. Alisoma, akafungua daftari kwa nyuma, kurasa za mwisho, akaandika kule. Nilipomuuliza akasema, "Hii si ya ofisi." Nilisogea karibu nikanusa. Yalikuwa yananuka jani la mkulo, ile harufu kali kama dawa ya kuchua, harufu ya nguo za mtu aliyetoka kuni.

Baada ya hapo nilikaa siku kadhaa bila kwenda. Nikarudi. Sijui niseme nilikuwa nafuata nini. Nafikiri nilikuwa naogopa kwamba nisipokuwepo, siku moja yule mwenzangu, aliyekuwa ananyesha kidogo kidogo kwenye kopo, atamwambia mwenyewe kabla yangu.

Msidhani alikuwa mtu wa kutisha, jamani. Alikuwa na vituko. Mtu wa mvua, lakini mwavuli aliuchukia, alisema unamnyima hesabu. Alikuwa Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, na ibada ya kwetu ikianza saa mbili, ikifika saa tatu kasoro robo anasimama katikati ya mahubiri, anainamisha kichwa madhabahuni, anatoka. Mimi ni Mwislamu, sikuwepo, lakini kisa hiki kila mtu huku anakijua: mchungaji mgeni alimsimamisha mbele ya watu, akamuuliza, "Mzee wangu, neno la Mungu na maji ya kopo, kipi kikubwa?" Akajibu, "Mchungaji, yote mawili yanatoka juu. Hilo lako litanisubiri, hili langu litakauka." Kanisa likacheka, mchungaji akacheka. Tangu hapo kwaya yao wakimuona anasimama wanajua saa.

Alikuwa mkali kwa watoto na mpole kwa miche. Alisema haamini habari za ukungu kuita, ni maneno ya bibi zetu, na kipupwe chote ukimwita mara moja haitikii.

Na kwangu alikuwa mtu mwema kuliko ndugu wa damu. Mume wangu alipofariki ilikuwa masika, matope mpaka magotini, hata kaburi lilijaa maji wakilichimba. Eda ilipokwisha nilibaki nimelala. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa nimelala tu. Zuhura alinipigia simu toka Korogwe, anataka kuja kunichukua, sikuitikia simu. Asubuhi moja nikasikia nje:

"Mama Zuhura."

Pumzi.

"Mama Zuhura."

"Abee."

"Umefagia?"

"Sijafagia, mzee."

"Fagia. Kesho nitauliza tena."

Akaondoka. Hakusema pole wala hakusema Mungu ndiye anayejua. Kesho yake akaja, umefagia? Sijafagia. Fagia. Kesho kutwa tena. Siku ya tano niliona aibu, nikaamka nikafagia nusu ya uwanja. Akauliza, nikasema nusu. Akasema, "Nusu nayo ni kitu. Kesho hiyo nyingine." Hivyo hivyo, mpaka masika ikaisha. Masika nilifagia matope, kipupwe nikafagia majani ya mpea wake yanayoangukia kwangu, kiangazi vumbi, vuli matawi yaliyovunjwa na upepo. Ufagio ule ule. Siku moja nikajikuta naimba huku nafagia, nikasimama nikajishangaa. Alikuwa ananiuliza kila siku, hata miaka ilipopita na haikuwa lazima tena. "Umefagia?" "Nimefagia, mzee." Ilikuwa salamu yetu.

Na mtu huyo ndiye niliyekuwa namficha. Muone mzigo wangu ulivyokuwa.

Kuna dada mmoja alikuja toka ofisini, binti mzuri, mwenye adabu, akamwamkia vizuri. Alileta mtambo wa mguu mmoja wenye sola kichwani. Akasema, "Babu, sasa pumzika. Huu unapima wenyewe na kutuma wenyewe."

"Unapima sufuri?"

"Unapima."

"Ukishapima, maji unamwaga wapi?"

Binti akanitazama mimi, mimi nikatazama mpea.

"Yanatiririka tu, babu. Yanaingia ardhini."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Mtambo ukasimikwa, mpaka leo upo, umesimama kama korongo. Na yeye akaendelea na kopo lake pembeni. Binti alirudi siku moja, wakalinganisha namba. Siku zote zilikubaliana. Ila zile za nyuma ya daftari, mtambo uliandika sufuri. Binti akasema labda umande. Mzee akasema labda.

Sasa nimefika.

Kipupwe kilichopita alikuwa amechoka sana. Mikono ilitetemeka, bilauri ikawa inagonga mdomo wa chupa, kwa hiyo mimi nilishika daftari na kalamu, yeye anasoma, mimi naandika. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, uzio wa hatua nne tu ulikuwa kivuli. Mbega walikuwa wananguruma juu msituni, ule mngurumo wao kama mtu anayeburuta gogo. Akainama, akatoa chupa, akamimina. Akainua bilauri. Nikaona mkono unavyotetemeka, nikajua kwamba kipupwe kingine hatakiona, na kwamba nisiposema sasa nitabaki na hili jambo peke yangu mpaka nife.

"Mzee," nikasema, "siku ile Mama Eli aliniita."

Hakugeuka. Bilauri ilibaki juu.

"Nilikuwa kwenye maharage. Aliniita mara moja. Nikangoja ya pili, haikuja. Sikumuitikia. Nilijua utaratibu, sikujua kama ni yeye. Nilimsikia, mzee. Miaka yote hii nilikuwa nimemsikia."

Nilitegemea atanifukuza. Nilitegemea hata atanipiga. Akaniuliza bila kushusha mkono:

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Sijui. Jua halikuwepo."

"Ilikuwa saa tatu," akasema. "Nilikuwa na hii mkononi."

Sikuelewa. Akaishusha bilauri mpaka kifuani, bila kuisoma.

"Nilisikia Baba Eli. Toka kule. Mara moja. Wewe hukujua kama ni yeye, Mama Zuhura. Mimi nilijua. Nani mwingine huku juu angeniita mara moja? Ni mtu wa Zirai huyo. Nikasema ngoja nisome kwanza. Sita nukta tano. Nikaandika. Nikamwaga. Nikafunga kijilango, nikahakikisha kimefunga. Ndipo nikaitika. Kulikuwa kimya. Kila siku narudi kwenye hiyo dakika, kwa saa ile ile, nisimame pale pale. Labda ataita tena nikiwa hapa."

Nilikaa chini kwenye majani mabichi. Miaka kumi na minne tulikuwa tumesimama kila upande wa uzio mmoja, kila mtu na sauti yake moja. Kichwa changu si chepesi, kilichukua muda. Lakini hesabu ile haikuhitaji shule.

"Mzee," nikasema. "Mimi aliniita mara moja. Na wewe mara moja."

Akageuka akanitazama. Kwa jicho la kushoto, lile la kusomea.

"Basi aliita mara mbili," akasema.

Mbega walinyamaza, wote kwa pamoja, kama mtu aliyefunikwa mdomo. Na toka msituni, upande wa mkulo wa radi, ikaja sauti. Mara moja. Nikiapishwa siwezi kuapa ilitaja jina gani. Kila mtu aliisikia kama yake.

Mpima Mvua alikuwa na bilauri imejaa, haijasomwa. Nilimwona anaiangalia. Halafu akaigeuza, akamwaga pale pale alipokuwa amesimama, juu ya viatu vyake, mbali na mpea.

"Naam!" akaitika. Sikujua kama kifua kile kilikuwa bado na sauti kubwa namna ile.

"Abee!" nikainuka nikaitika na mimi. "Abee, mwenzangu!"

Tuliitika pamoja. Ukungu haukusogea. Hakuna aliyekuja, wala hakuna kilichotuchukua. Tulisimama mpaka miguu ikafa ganzi, halafu nikamshika mkono nikampeleka ndani. Viti vilikuwa karibu na mafiga, kipupwe. Kiti cha pili alikipapasa kwa kiganja, halafu kwa mgongo wa mkono, kama mama anayepima homa ya mtoto. Kilikuwa kikavu. Akakalia. Sikuwahi kumuona amekalia kiti kile.

"Niandike nini leo, mzee?"

"Acha wazi."

Ndiyo nafasi pekee iliyo wazi katika daftari lote.

Alifariki vuli ilipoanza, usingizini, mvua ya kwanza ikigonga mabati. Eli alikuja kuzika, akanipa daftari, kopo na bilauri, akasema, "Mama, baba alisema wewe unajua." Sijui sana, lakini napima. Saa tatu, jicho la kushoto. Natamka kwa sauti, namwaga kwenye mpea. Viti navihamisha vyote viwili, kwa mazoea tu. Nyuma ya daftari hakuna namba mpya tangu siku ile. Kopo likiwa kavu linakuwa kavu kweli, nami naandika sufuri.

Sasa kipupwe kimeingia tena. Juzi asubuhi nilikuwa nimesimama ndani ya uzio, ukungu umefika kiunoni, bilauri iko mkononi, bado sijasoma. Nikasikia toka upande wa msitu, sauti ya kiume, ya taratibu:

"Mama Zuhura."

Nilijua kwamba baada ya pumzi moja ataita tena. Yeye alikuwa mtu wa huku, asingeweza kuita mara moja. Nikamwaga maji miguuni. Sikungoja ya pili.

"Abee, mzee," nikasema. "Nimefagia."